Zamu ya Vidole Viwili

Kinango,
20 Februari 1999

Kwa Bwana Garama Kitsao,
Kiongozi wa Bendi, Diani.

Nadai jambo moja, na nitalitetea popote nitakapoitwa: katika mikimbio, ile misururu ya milio ya kasi, ya gita la flamenko la Kihispania, kidole kilichokwisha kuupiga uzi hakina haki ya kuupiga tena mpaka kidole mwenzake kipige. Cha shahada, kisha cha kati. Cha shahada, kisha cha kati. Hapana dharura, na hapana "mimi nimezoea hivi". Mtu aendaye mbio kwa kidole gumba na cha shahada, kama ufanyavyo wewe, hapigi gita. Anachambua mchele.

Shikamoo. Nimeitanguliza hoja mbele ya salamu kwa kuwa hoja ndiyo iliyotukosanisha. Salamu ni haki ya umri wako, nami sikunyimi; ni fikra zako tu ambazo siwezi kuziamkia.

Usije ukasema umesahau, nakukumbusha yaliyotokea Jumamosi iliyopita. Nilikuja Diani kwa sababu hoteli yenu inamtafuta mpiga gita wa kuwatumbuiza Wahispania wanaotarajiwa Desemba, na kwa sababu kiti cha mpiga solo katika bendi yako ki wazi tangu mwenyewe aliporudi bara wakati wa fujo za mwaka wa tisini na saba. Nilikaa mbele yenu nikapiga mkimbio ambao, nathubutu kusema, haujawahi kusikika katika pwani hii. Wewe ulikuwa ukila viazi karai. Nilipomaliza ulipangusa vidole, hivyo viwili unavyovitumia, ukasema: "Kijana, wapiga kama mtu anayekimbizwa. Ni nani anayekufukuza?"

Bendi nzima ikacheka. Boga, mpiga ngoma wako, alicheka mpaka akaikumbatia ngoma. Kisha Bi Mishi, mwimbaji wenu, akaniomba nilegeze nyuzi apate kuimba nami, kwa kuwa nilikuwa juu mno kwa koo lake. Nilikataa. Gita lililokazwa kwa sauti yake sahihi halishushwi kumfuata mwimbaji aliyezoea kuwaimbia watu wanaotafuna. Mkacheka tena, nikaondoka.

Mimi ni mhitimu wa chuo kikuu, katika falsafa na fasihi. Mkono wangu wa kuume ulifundishwa na mhandisi Mhispania aliyekuwa akichimba visima huku Samburu, jirani na Kinango, mtu aliyezaliwa katika muziki huo. Alinionyesha jinsi kidole kinavyoupiga uzi kisha kikatua juu ya uzi wa pili, kikapumzika hapo huku mwenzake akishika zamu. Wewe umefundishwa na nani? Na mabwawa ya kuogelea?

Natarajia sababu zako kwa maandishi, moja baada ya nyingine.

Wako katika ukweli,
Kimanzi Mutunga


Ukunda,
6 Machi 1999

Kwa Mwalimu Kimanzi Mutunga,

Marahaba, mwanangu. Shikamoo yako umeiweka ya pili, mimi nimeipokea ya kwanza, kwani ndivyo tulivyolelewa. Mzee Mutunga hajambo huko Shimba Hills? Namfahamu tangu alipokuwa akituletea machungwa hotelini. Ni mtu wa maneno machache. Sijui wewe haya mengi umeyarithi wapi.

Barua yako nimeisomea bendi, maana sikuona siri ndani yake. Boga aliomba nirudie pale pa kuchambua mchele. Mama yake ameilea nyumba nzima kwa kazi hiyo, na anauliza una ugomvi gani naye.

Umetaka sababu. Ya kwanza ni kwamba uliponipa mkono ulinikwaruza. Mkono wa kuume ndio tunaolia chakula na ndio tunaoamkiana nao. Mwanamume mwenye kucha ndefu kama zile, kwetu, ni mtu ambaye hakuna wa kumwambia kitu nyumbani. Meneja akiziona karibu na sahani za wageni, sote tutaonyeshwa lango.

Ya pili, nilitaka uucheze mkimbio uleule polepole, mwendo wa bi harusi anayeingia ukumbini. Nilikuwa nimekwisha fungua mdomo kukwambia, ukawa umeshafunga gita lako na kutoka. Aliyekimbia siku ile, basi, si vidole peke yake.

Ya tatu sikupi, kwa sababu hutaisoma. Utaijibu kabla hujaimaliza.

Hiki kidole gumba changu na mwenzake wamewapigia wageni wa kila taifa, na wengine wamelia machozi. Sijui kama walilia kwa kosa la kanuni.

Kiti sijampa mtu. Njoo ucheze polepole.

Garama Kitsao


Kinango,
3 Aprili 1999

Kwa Bwana Garama Kitsao,

Shikamoo. Safari hii nimeiweka mahali unapopataka, nione kama itakusaidia kufikiri.

Unaniambia nicheze polepole. Huo ndio ushauri wa kila mtu asiyeweza kwenda haraka. Mwanafunzi wangu akishindwa na hesabu ngumu huniomba nyepesi, nami simpi.

Nitakueleza mazoezi ni nini, kwa kuwa naona neno hilo mmelipa maana ya kukaa pamoja na kupiga soga kabla ya wageni kushuka. Kabla ya kengele ya shule mimi hukaa na uzi mmoja tu, vidole viwili vikipokezana, mpaka mkono usahau ni wa nani. Kisha huvuka kutoka uzi mmoja kwenda mwingine, na hapo ndipo wezi hukamatwa. Mtu anapotoka kwenye uzi mwembamba kwenda kwenye mnene, kidole kilichokwisha piga hutamani kujiburura kiupige na wa pili, kwa kuwa tayari kimeangukia hapo. Ni uvivu mtamu. Masikio ya wengi hayaugundui. Mimi nikijikamata nao, narudi mwanzo.

Hakimu wangu ni mmoja: Mhispania aliye kwenye kanda. Kanda hiyo alinirekodia Bi Jemima Sidi, mwalimu wa chekechea wa Samburu, kutoka kanda ya yule mhandisi, siku aliyokuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Sikuwahi kuisikia ya mhandisi. Hii ndiyo niliyoishi nayo. Nilikaza gita langu kulingana nayo, maana mhandisi aliliacha limelegea, nami nikakaza mpaka nyuzi zikalia. Tangu hapo namfukuza mtu huyo. Bado ananipita kwa pumzi moja, na ninaona fahari kupitwa naye kuliko kusifiwa na wewe.

Na anayeimba naye ni mwanamke. Ungemsikia, Bwana Garama, ungeona aibu kumpa Bi Mishi kipaza sauti. Ni sauti nyembamba, kali, isiyobembeleza mtu. Sauti ya mwanamke aliyeshiba huzuni na asiyetaka kuliwazwa. Nimemwandikia Jemima kurasa nzima juu ya sauti hiyo.

Kuhusu kucha: mwalimu mkuu wangu ana fikra kama zako. Jumatatu hukagua kucha za wanafunzi kwenye gwaride, na Jumatatu iliyopita aliufikia mkono wangu. Wanafunzi walicheka. Wanacheka pia kwa kuwa nazipaka rangi ile nyangavu isiyoonekana, zisikatike; muuza duka wa Kinango aliniuliza mke wangu anapendelea chupa gani, nikamjibu kuwa ni zangu, na mji mzima umepata la kuzungumza. Nimemwandikia mwalimu mkuu waraka juu ya tofauti kati ya uchafu na chombo cha kazi. Nangojea jibu lake.

Pamoja na barua hii naipeleka kanda yenyewe kwa mkono wa kondakta wa basi. Isikilizeni bendi nzima. Kisha mniambie ni nani wa kuchekwa.

Kimanzi Mutunga


Ukunda,
19 Juni 1999

Kwa Kimanzi Mutunga,
kwa mkono wa Mzee Mutunga, Shimba Hills.

Mwanangu, barua yangu ya mwezi uliopita imerudi kutoka shuleni ikiwa imeandikwa juu yake kwa wino mwekundu, "Hayupo tena." Nikamuuliza baba yako alipoleta machungwa. Alitazama mkono wake wa kuume tu, nami nikaelewa. Pole. Hilo nalisema bila mzaha.

Sasa mzaha.

Kanda yako tumeisikiliza. Wewe hujui, lakini hoteli nayo imeagiza kanda za Kihispania kwa ajili ya Desemba, tuzizoee, na ya kwanza kutolewa kwenye boksi ilikuwa hiyohiyo yako. Mtu yuleyule, wimbo uleule, ila hii ni ya dukani, ina karatasi yake na picha yake. Tukaziweka moja baada ya nyingine kwenye mashine moja, ile kubwa ya ukumbini, ya umeme.

Yako inakimbia. Haikimbii kidogo. Gita lake liko juu kama lako, ndiyo sababu ya nyuzi zako kulia. Mhispania wa dukani anatembea kwa heshima zake, huyu wako kama amekanyaga siafu. Aliyeirekodi alitumia mashine iliyokuwa ikijikokota. Kanda ikanyonya sauti taratibu, na ukiipiga kwenye mashine nzima inalipiza.

Na yule mwanamke wako aliyeshiba huzuni, nimemwona kwenye picha. Ana masharubu. Ni mtu wa makamo, mnene, sauti yake nzito kama ya muadhini wa zamani wa msikiti wa Waa. Boga alilala chini. Mishi hakucheka, alisema tu kwamba anangojea umwombe radhi, na kwamba kipaza sauti bado anacho.

Miaka yote hiyo ulikuwa ukishindana na betri, mwanangu. Nilikuuliza ni nani anayekufukuza, ukanitukana. Sasa nimemjua kabla yako.

Kanda yako nakurudishia pamoja na nakala ya ile ya dukani. Kiti bado hakijapata mtu, ingawa meneja ameanza kuniuliza. Amesema mwisho wa Agosti. Niliyokwambia Machi ndiyo hayohayo.

Garama Kitsao


Samburu,
10 Julai 1999

Kimanzi,

Barua yako ya mashtaka imefika. Unauliza ni kwa nini "niliihujumu" elimu yako. Hilo neno hujumu ungeliweka kwanza, ukalitafutia mtu anayelistahili.

Siku ileile nilipokuletea kanda nilikwambia, umesimama pale penye duka la mjomba, malori yakipita: huyu anayeimba nadhani ni mwanamume, na nadhani kanda inakimbia, kwa sababu betri za redio tuliyorekodia zilikuwa zimekwisha, tukazianika juu ya bati la duka zipate nguvu kidogo. Mhandisi alikuwa anaondoka, hapakuwa na betri mpya Samburu nzima. Nilikwambia tuitafute nyingine. Ulinijibu kwa insha juu ya makoo ya wanawake wa kusini mwa Uhispania. Ninayo hapa. Imeandikwa vizuri sana.

Halafu wasema mwalimu mkuu amekufukuza kwa sababu ya kucha. Hapana. Mwalimu mwenzangu aliyeko huko ameniambia: aliku­ahidi kukuacha kama ungevaa glavu siku za gwaride, nawe ukamwandikia waraka wa pili, ukamfananisha na koleo.

Wewe huulizi, Kimanzi. Unaeleza. Hata unapoweka alama ya kuuliza, mtu akijibu anakuwa amekukatiza.

Mzee yule wa Diani amekuomba jambo dogo tangu Machi, na umemjibu kwa kila kitu isipokuwa gita. Sijui muziki. Lakini watoto wangu wa chekechea wakitaka kunificha kwamba hawajui kusoma, husoma haraka.

Ukija Samburu nitafurahi kukuona. Tusalimiane kwa mkono wa kushoto, nitakusamehe.

Jemima


Shimba Hills,
21 Agosti 1999

BARUA YA WAZI
kwa Bwana Garama Kitsao. Nakala yake imebandikwa na Bi Mishi, kwa ruhusa yangu, kwenye ubao wa matangazo wa kantini ya wafanyakazi, Diani.

Shikamoo, Bwana Garama, na wote mnaosoma mkiwa mmeshika sahani.

Nakiri lisiloepukika, ili nisipoteze wakati wenu: mwanamke ni mwanamume. Picha nimeiona. Kanda ilikuwa ikikimbia, na Bi Jemima Sidi aliniambia hivyo siku ya kwanza. Bi Mishi nimemwomba radhi kwa barua yake mwenyewe, isiyowahusu ninyi.

Sasa tuhesabu kilichobaki, kwa kuwa mlipocheka hamkufika mbali katika kufikiri. Mwasema nilishindana na betri. Vema. Mtu aliyekaribia kumfikia mkimbiaji ambaye hakuna binadamu angeweza kumfikia ameshindwa nini? Niliweka kanda ya dukani, nikapiga pamoja na Mhispania wenu wa kweli, nikampita. Ilinibidi nimngoje mwishoni mwa kila mstari kama mtu anayemngoja mgeni langoni. Uliuliza ni nani anayenifukuza. Hapakuwa na mtu. Mimi ndiye niliyekuwa nikifukuza, na niliyemfukuza hakuwapo, na hata hivyo miguu yangu imejengeka. Katika ninyi nyote hapana mwingine anayeweza kusema hayo.

Lakini mimi si mtu wa kuchagua ushahidi. Nililegeza nyuzi, nikakaa kwenye ukumbi wa nyumba ya baba, nikaucheza mkimbio polepole, mwendo wa bi harusi, kama ulivyotaka. Baba alikuwa akipanga machungwa. Alisikiliza, kisha akasema maneno yake machache: "Huyo anachechemea."

Alisema kweli. Kidole changu cha shahada kinakanyaga, cha kati kinapapasa. Nota moja nzito, moja nyepesi, nzito, nyepesi, mkimbio mzima. Kasi ilikuwa imelifunika jambo hilo kama shuka, na kanda yangu mbovu ilikuwa imenipa shuka pana zaidi. Wewe ulilisikia Februari, kupitia kasi yote ile, huku ukitafuna. Hiyo ndiyo sababu ya tatu uliyoninyima. Nimeipata, na nakulaumu kwa kuninyima, maana ulijifurahisha kwa kuniona nikitafuta.

Tazama, hata hivyo, ni nini kilichokosewa. Kanuni haikukosewa. Anayechechemea haambiwi akate mguu mmoja aruke kwa uliobaki, wala hapewi gumba awe mkongojo. Hufundishwa kuukanyagia mguu dhaifu. Tangu Julai kila mkimbio nauanza kwa kidole cha kati, na kila mkazo naupa kidole cha kati, polepole, mpaka kimeacha kuomba ruhusa. Dai langu la Februari nalirudia bila kuondoa neno: kidole kilichokwisha kupiga kingoje mwenzake. Ninaongeza tu kwamba mwenzake awe amelishwa.

Meneja amekupa mpaka mwisho wa Agosti. Kazi ya shule sinayo, kama ubao huu wa matangazo unavyojua, na sitakuja kuomba kiti kwa huruma ya kazi niliyoipoteza. Nitakuja Jumamosi ijayo, mchana, wakati wa mazoezi yenu. Nitalegeza gita nifuate koo la Bi Mishi. Nitaucheza mkimbio polepole kwanza, kisha kwa mwendo wake halali, mbele ya walewale waliocheka, Boga akiwa karibu na ngoma yake asije akaanguka. Wewe utasikiliza bila viazi. Ukisikia nota moja inayochechemea, nyanyua mkono palepale, uionyeshe, nami nitafunga gita nirudi kwenye machungwa. Usiposikia, kiti ni changu, na utalisema hilo kwa mdomo wako, kwa sauti, mbele ya bendi.

Na liko jambo la mwisho. Bi Mishi, ambaye haogopi mtu, ameniarifu kwamba tangu kanda ile ifike umekuwa ukilipeleka gita nyumbani na kufunga mlango, na kwamba mkeo amewauliza watu kama una upele, kwa jinsi vidole vyako viwili vya kuume, cha shahada na cha kati, vinavyokuna meza wakati wa chakula. Ameongeza kwamba kucha za mkono huo hujazikata tangu Juni.

Usizikate, Bwana Garama. Siku hiyo zilete. Zinyanyue juu, watu wote wazione, kisha ujibu hadharani swali moja tu, ambalo safari hii naliuliza kwa kutaka kujua: ni za kazi gani?

Kimanzi Mutunga